Blauzi ya Keneuoe

Kwa miaka tisa Maseabata alikuwa kiongozi wa akina mama wa Alhamisi, wanawake wa kanisa wanaokutana siku hiyo kusali, na katika miaka hiyo hakuna mwanamke aliyevuliwa blauzi wala kuvishwa pasipo mkono wake. Ukizaa wakati mumeo yuko migodini mwaka wa pili, utavuliwa na Maseabata. Ukionekana unayumba kwa pombe ya mtama kwenye harusi ya watu, ni yeye tena. Na ukitubu ukarudi kundini, ni yeye anayekufunga vile vifungo vitano vyeusi, kimoja kimoja, kutoka chini hadi shingoni, kanisa zima likiimba. Alikuwa na vidole vyepesi, na wengine walisema hata kuvua alikuwa akivua kwa upole.

Blauzi yenyewe ni nyekundu, ina ukosi mweupe. Usiione nguo tu. Mwenye blauzi akifa, wenzake humwosha, humvisha, kengele hugongwa tangu mwili unapotoka nyumbani, nao humsindikiza kwa mistari miwili hadi kaburini. Asiye nayo huviringishwa blanketi lake, akabebwa na ndugu zake kama anao, na kengele hukaa kimya. Pale kijijini, juu kule milimani Lesotho, wanawake waliogopa hiyo kengele kukaa kimya kuliko walivyoogopa kufa.

Keneuoe alikuwa amekaa benchi la nyuma kwa miaka hiyo hiyo tisa. Zamani aliitwa Matlotliso, jina la heshima alilopewa na wakwe zake alipoolewa, lakini alipovuliwa blauzi watu walirudia jina lake la usichana kana kwamba hajawahi kuwa mke wa mtu. Hata watoto wa juzijuzi walimwita Keneuoe hivyohivyo. Yote yalitokana na barua, barua isiyo na jina la mwandishi, iliyoshuka bondeni kwa wakuu wa kanisa ikisema kwamba mwinjilisti Molefi analala na mke wa mtu, na mke mwenyewe ni Matlotliso. Molefi alifukuzwa kazi kabla mwezi haujaisha. Akaamua kuvuka mlima kwenda kujitetea, katikati ya Julai, jamani, mwezi ambao hata farasi hukataa ile njia. Theluji ilimkuta juu. Wachunga kondoo walimwona Septemba, theluji ilipoyeyuka, ameketi ameegemea mwamba, pini ya blanketi imefungwa vizuri kabisa chini ya kidevu.

Keneuoe aliambiwa atubu, akakataa. Kila mwaka kabla ya Pasaka aliulizwa, na kila mwaka alijibu kwamba hawezi kutubu asichokifanya. Mumewe alibaki huko migodini na mke mwingine. Yeye akabaki na benchi lake.

Na barua ile aliiandika Maseabata.

Aliiandika kwa sababu Molefi alikuwa amesema mbele ya watu kwamba kiongozi ajaye wa akina mama anafaa kuwa Matlotliso, mtu mwenye utulivu. Basi. Hakuna zaidi ya hilo. Aliwahi kuwaona wawili hao wakizungumza kisimani, ndoo zikiwa chini, mchana kweupe, na hilo ndilo alilolikuza. Alidhani Molefi ataonywa na mwenzake atapitwa. Yale ya theluji hakuyaomba, na kwa miaka tisa alikuwa akimkumbusha Mungu kwamba hakuyaomba.

Mwaka huo wa tisa kifua cha Keneuoe kilioza. Hospitali walimrudisha nyumbani na dawa ya maumivu, wakasema hawana jingine. Jumapili ya Matawi mchungaji mpya, kijana aliyepandishwa kutoka bondeni mwezi wa pili tu, alihubiri juu ya kuandaa moyo. Akasema, nimewaona wiki hii mnasiliba kuta zenu kwa ajili ya Pasaka, mnachora na maua, mnapendeza. Lakini wengine mnasiliba juu ya ufa. Mtu asije kwenye Meza ya Bwana Ijumaa na ufa ndani. Akina mama walicheka, maana kweli mikono yao ilikuwa bado na udongo kuchani. Maseabata naye alicheka. Lakini chakula chake cha mchana alikiacha.

Jumatatu alipika uji wa mtama, akaufunika, akaenda kwa Keneuoe.

Chumba kilinuka dawa na samadi kavu iliyokuwa ikiwaka jikoni badala ya kuni. Keneuoe alikuwa amelala kando ya ukuta, macho makubwa, shingo imebaki mishipa. Maseabata alikaa kwenye kigoda, akaweka bakuli chini, na kabla hajaanza kuzunguka kwa maneno alijikuta amelisema neno lenyewe. Alisema kwamba barua ni yake. Alisema yote, kisima, ndoo, wivu, na jinsi alivyoficha mwandiko. 

Keneuoe akauliza, "Uliandika kwa mkono gani?"

"Wa kushoto."

Keneuoe akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikachukua muda. "Miaka tisa nimewashuku watu wote hapa kijijini, mmoja mmoja. Wewe nilikuruka. Nilisema, huyu ndiye aliyenivua, hawezi kuwa ndiye aliyeandika pia. Ingekuwa kazi nyingi mno kwa mtu mmoja."

Maseabata akapiga magoti, akaomba msamaha. Alilia kweli, si kilio cha kanisani.

"Nitakusamehe Ijumaa," Keneuoe akasema. "Simama mbele ya watu uliseme hilihili. Nikiwa hai. Nikisikia kwa masikio yangu."

Hapo ndipo machozi ya Maseabata yalipokauka. Akaanza kutaja mambo. Ana binti aliyechumbiwa na watu wa heshima. Mchungaji ni mgeni, atalichukuliaje kanisa lake? Molefi amekwisha kufa, hakuna neno litakalomrudisha. Alitaja mengi, na kila alilotaja lilikuwa na kichwa na miguu. Kisha, Mungu amsamehe, akaona njia, akaiona nzuri, akaisema kwa sauti ya huruma.

"Lakini wewe blauzi utaipata, mwenzangu. Sema tu kwamba ni kweli. Kwa mdomo tu. Mungu anajua moyo wako, hatakuhesabia. Mimi mwenyewe nitakufunga vifungo, kengele itagongwa, utapumzika kwa heshima."

Keneuoe alimtazama hadi Maseabata akaangalia chini.

"Yaani dhambi niibebe mimi, na msamaha uchukue wewe," akasema. "Ondoka na bakuli lako."

Akaondoka nalo. Jumanne hakula. Jumatano alikwenda kuvuna mahindi na mundu ukamkata kidole, akaiangalia ile damu kama ya mtu mwingine. Kila alipolala aliiona ile pini chini ya kidevu. Si kwamba alikuwa mwanamke asiye na dhamiri, la. Angekuwa hana angelala usingizi wake. Alhamisi asubuhi, akiwa amechoka hadi mifupani, alipiga moyo konde. Alisema, liwalo na liwe, binti ataolewa au hataolewa, kesho nitasimama. Na alipokwisha kuamua alijisikia mwepesi, mara ya kwanza kwa miaka tisa, hata akaimba akiteka maji. Akaona vyema apite kwa Keneuoe amwambie, mgonjwa alale akijua.

Aliyefungua mlango alikuwa Mamolefi, mama yake marehemu Molefi. Bibi huyu ndiye peke yake aliyekuwa akimtunza Keneuoe. Alimletea maji, alimwogesha, alimlisha, kwa sababu wawili hao ndio pekee kijijini waliojua kwa hakika kwamba barua ilikuwa ya uongo, au ndivyo Mamolefi alivyosema: mwanangu alikuwa safi, na huyu mwanamke amekataa miaka tisa kumpaka mwanangu matope, basi huyu ni mtoto wangu.

"Amelala," Mamolefi akasema. "Una neno nimfikishie?"

Maseabata alimtazama yule bibi, mikono yake imepasuka kwa baridi, blanketi la zamani begani. Neno lilikuwa mdomoni kabisa. Angeweza kumwamsha mgonjwa. Angeweza hata kulisema palepale mlangoni, na aliyekuwa na haki ya kulisikia kuliko watu wote alikuwa amesimama mbele yake. Akaona, kesho si mbali, kesho watasikia wote pamoja.

"Hapana, mama," akasema. "Nilikuja kumjulia hali tu."

Ijumaa Keneuoe aliletwa kanisani juu ya farasi, amefungwa kwa shuka asianguke, Mamolefi akiongoza kwa hatamu. Akaketishwa benchi la nyuma. Kanisa lilijaa, blauzi nyekundu mbele, wanaume ubavuni na mablanketi yao. Utaratibu ulikuwa uleule wa miaka yote: kwanza watubu wa benchi la nyuma, kisha mtu yeyote aliyeguswa moyoni, kisha Meza. Maseabata aliketi mbele, akirudia maneno yake kimyakimya. Mkate ulikuwa umefunikwa kitambaa cheupe. Hakuwa na wasiwasi na benchi la nyuma. Keneuoe atakataa kama kawaida yake, kisha yeye atasimama.

Mchungaji aliuliza. Keneuoe akasimama, Mamolefi amemshika kiwiko.

"Yaliyoandikwa kwenye barua ni kweli," Keneuoe akasema. Sauti ilikuwa ndogo, lakini kanisa lilikuwa kimya. "Nililala na mwinjilisti Molefi. Si mara moja. Aliyeandika aliona, na Mungu ambariki kwa kuandika. Nimekuwa mkaidi miaka tisa. Naomba nirudi kundini."

Mamolefi aliachia kiwiko. Hakupiga kelele, hakuanguka. Aliuachia tu ule mkono, Keneuoe akapepesuka na kushika benchi, na yule bibi akabaki ameusimamisha mkono wake hewani kama mtu aliyesahau alichokuwa amebeba. Kisha akatoka nje, akamwacha hata farasi. Akina mama walikuwa wamekwisha kuanza wimbo. Walilia, walikumbatiana. Wangapi walikuwa wamengoja maneno hayo, si unajua watu? Uongo wao wa miaka tisa sasa ulikuwa umethibitishwa, na kila mmoja alijisikia safi.

Maseabata akasimama. Wimbo ulimchelewesha. Ilibidi ainue mikono mara tatu ndipo wakanyamaza.

"Si kweli," akasema. "Hajafanya lolote. Barua niliandika mimi. Sikuona kitu. Niliandika kwa wivu, na Molefi alikufa kwa sababu yangu."

 Mchungaji alimtazama, akamtazama Keneuoe, uso wake mchanga umechanganyikiwa. Akamuuliza Keneuoe, kwa upole, kama aliyosema mama kiongozi ndiyo kweli.

Keneuoe hakuharakisha. Alimtazama Maseabata toka huko nyuma, kwa macho yale makubwa, na Maseabata akamwomba kwa macho, mbele ya watu wote.

"Mchungaji," Keneuoe akasema, "huyu mama ana huruma kupita kiasi. Alikuja kwangu Jumatatu akalia. Hataki nife na doa, ndiyo maana anataka kujitwika. Lakini mtu aliyekaribia kufa hawezi kutania. Nimesema lililopo."

Mnong'ono ulipita kanisani, na haukuwa wa laana. Ulikuwa wa mapenzi. Mmoja alisema mnaona kiongozi, mwingine akasema amefunga wiki nzima huyo, hajala. Maseabata akapandisha sauti, akasema aliandika kwa mkono wa kushoto, wampe karatasi awaonyeshe, na kadiri alivyozidi kupiga kelele ndivyo walivyozidi kumhurumia. Wawili walimshika mabega. Wa tatu alimletea maji. Mchungaji alifuta macho, akawaambia watu waangalie vizuri, huu ndio moyo ulioandaliwa, moyo ulio tayari kubeba dhambi ya mwenzake. Wakasema amina. Hapo Maseabata alinyamaza, maana hakukuwa tena na neno ambalo halingemfanya mtakatifu zaidi.

Blauzi ilitolewa kwenye sanduku, ikinuka kafuri. Ilikuwa yake Keneuoe mwenyewe, ile ya zamani, na sasa ilimmeza. Maseabata alisukumwa mbele. Alipiga magoti, kidole chake kilichokatwa kikiwa na kitambaa, akaanza na kifungo cha chini. Wimbo ulikuwa juu, hakuna aliyewasikia.

"Kwa nini?" akauliza.

"Ulinifundisha mwenyewe. Kwa mdomo tu, ulisema."

"Nilikuwa nimeamua. Jana nilikuwa nimekwisha kuamua kusema."

"Jana nilikuwa macho," Keneuoe akasema. "Nilijua kwa hatua zako kwamba ni wewe. Nikajiambia, akilisema mlangoni, hata kwa Mamolefi peke yake, nitamsamehe leo hii na kesho nitakaa kimya. Nikamsikia anakuuliza kama una neno."

Kifungo cha tatu kilimponyoka Maseabata, akakitafuta tena.

"Na yeye Mamolefi? Amekulisha miaka yote hii."

Keneuoe alifumba macho. Kwa kitambo uso wake ulikuwa wa mtu anayeumwa tu, si wa mshindi. "Hilo nitalijibu mwenyewe, siku si nyingi. Nilitaka kengele. Na nilitaka nikuache bila kitu mkononi. Vyote viwili vilipita njia hiyo moja." Akainua kidevu. "Hicho cha juu kinanikaba. Kifunge hivyohivyo."

Akakifunga.

Keneuoe alikufa Jumapili ya Pasaka, adhuhuri. Akazikwa kwa kengele, blauzi nyekundu sitini katika mistari miwili, na Maseabata mbele, maana nani mwingine? Kila mtu alimwita Matlotliso, hata wale watoto. Walisema amekwenda safi. Maseabata aliangalia mlango wa Mamolefi walipopita. Ulikuwa umefungwa.

Alimwendea mchungaji mara mbili. Mara ya kwanza mchungaji alimwombea kwa ajili ya majonzi. Mara ya pili alimwambia, kwa heshima zote, kwamba kung'ang'ania dhambi isiyo yako nako kunaweza kuwa kiburi, na kwamba marehemu alikwisha kusema. Akamshauri apumzike, ale nyama. Baadaye binti akaolewa na wale watu wa heshima. Wakwe walisema wamepata bahati, binti wa mama kama yule.

Siku ya kumi na moja baada ya Ijumaa Kuu alikwenda kwa Mamolefi. Bibi alikuwa mlangoni anapukuchua mahindi, bakuli katikati ya miguu. Hakuitikia salamu. Maseabata alisimama uani na kulisema lote, kuanzia mwanzo, na safari hii hakupandisha sauti wala kulia. Alipomaliza, punje ziliendelea kuanguka bakulini kwa muda.

"Nakuamini," Mamolefi akasema.

 Maseabata akapiga magoti palepale vumbini, na sketi yake nyeusi, akashika upindo wa blanketi la yule bibi, akangoja neno linalofuata. Hakuna kitu alichowahi kukitaka namna ile maishani mwake.

"Siku kumi na moja," Mamolefi akasema, "nimekuwa nikimlaani mwanangu kaburini. Kila asubuhi nikiamka, kabla ya kuwasha moto. Nimemwita majina ambayo mama hawezi kumwita mtoto wake." Akavuta upindo wake taratibu, ukamtoka mwenzake mkononi. "Kesho uje uniambie tena. Uanzie kwenye kalamu."

Kesho yake akaenda. Na siku iliyofuata. Akina mama waliona, wakamsifu, mnaona anavyomfariji yule bibi. Mamolefi alimwekea kigoda karibu na mlango, kwa ndani baridi ilipozidi, lakini hakumpa maji ya kunywa hata siku moja. Alisikiliza kwa kichwa kilichoinama. Maseabata akiruka jambo, alimrudisha. Akilia, alimngoja amalize, kisha akamwonyesha alipoachia. Juni ikaja, kondoo wakateremshwa kutoka malisho ya juu, theluji ya kwanza ikafunga njia ya mlimani.

Siku moja Maseabata alisita katikati, akauliza, kwa sauti ya mtoto anayeomba, kama haijatosha.

Mamolefi alichukua hindi jingine kwenye gunia, akalikagua, akaanza kulipukuchua.

"Hujafika kwenye theluji," akasema. "Endelea."